Daktari Aliyejibu kwa Nyusi

Siku yangu ya kwanza kazini, Metroni alitazama viatu vyangu kabla ya kutazama cheti. "Vinalia," akasema. "Mgonjwa amelala, wewe unapiga kwata." Nilishinda na ndala za kuazima, nimenuna. Ndivyo nilivyoanza uuguzi katika hospitali ya misheni, nje kidogo ya mji wa Tabora. Baadaye nilipelekwa zahanati kule Igalula, nikarudishwa wodi ya watoto, kisha thieta, yaani chumba cha upasuaji, nikakaa huko hadi kustaafu.

Ninyi mnaosomea uuguzi sasa huniuliza nilijifunza wapi Kiingereza cha kazi. Nilijifunza kwa Sista Daktari, mtawa na mpasuaji kutoka Ufilipino. Kwao ni visiwa vingi na lugha nyingi. Waamerika waliwatawala, wakawaachia Kiingereza, nao wakakifanya chao bila kumwomba mtu radhi. Kila silabi aliipa uzito sawa, F yake mara nyingi ikawa P, na nusu ya mazungumzo aliyamaliza kwa uso. Akipandisha nyusi, amekujibu. Akichongoa midomo, anaelekeza. Mganga Mfawidhi, mkuu wetu wa hospitali, alikuwa amesoma Uingereza na hakuyavumilia matamshi hayo.

"Hicho si Kiingereza," aliniambia.

"Lakini mimi namwelewa, Mzee."

Na kweli nilimwelewa, kwa sababu nilikuwa nimeamua kumwelewa.

Asubuhi moja akaja mama kutoka Goweko, mkulima wa tumbaku, na mwanawe mgongoni. Utumbo wa mtoto ulikuwa umejimeza, kipande kimoja kimeingia ndani ya kingine kama soksi iliyokunjwa. Ugonjwa huo hausubiri. Sista alikuwa ameshanawa hadi viwiko kwa ajili ya upasuaji, na aliyenawa hivyo hagusi kitu wala hanyooshi kidole. Mama akauliza kama mtoto atapona, nikatafsiri. Sista akapandisha nyusi, kisha akachongoa midomo kuelekea mlango wa thieta.

Kwetu ukibinuliwa midomo umedharauliwa. Mama alikaza kanga iliyomshikilia mtoto, akashika njia ya getini.

Nilimkimbilia, nikasimama mbele yake. "Mama, hajakudharau. Ameshanawa mikono, anaelekeza kwa midomo. Ndivyo wanavyofanya kwao."

"Na zile nyusi, nesi?"

"Kwao zikipanda ni ndiyo."

"Ndiyo, atapona?"

Nyusi za Sista wakati mwingine zilisema ndiyo, wakati mwingine zilisema tu nimekusikia. Mganga Mfawidhi alikuwa ametufuata. "Mwambie atapona," akanihimiza kwa Kiingereza. "Tunapoteza muda."

"Ngoja nimuulize mwenyewe, Mzee."

"Wewe ni muuguzi, siyo wakili."

Sikubishana naye. Nilimshika mama mkono, nikamrudisha hadi kwa Sista, nikauliza upya. Safari hii Sista alijibu kwa maneno, polepole. Nikayageuza kwa Kinyamwezi bila kuyapaka sukari: "Anasema hajui. Huenda utumbo umeshaharibika. Asipopasuliwa atakufa. Akipasuliwa, yeye daktari atafanya kila anachoweza."

Niliogopa sana. Kama angeondoka na mtoto, lawama ingekuwa yangu, na ningestahili kuibeba. Mganga Mfawidhi alinitazama kwa jicho kali. Mama akafungua kanga na kuniwekea mtoto mikononi.

Mtoto alipona. Mganga Mfawidhi hakunisifu, ila tangu hapo kila mara Sista alipohitaji mkalimani, aliniita mimi.

Sasa nimestaafu na magoti yananisumbua, lakini masikio bado ni mazima, na nawasikia mkichekana matamshi. Mnanikera. Atakuja daktari wa India, atakuja wa Nigeria, kila mmoja na Kiingereza chake. Msikilizeni, na uso wake muutazame. Mkiwa na shaka, ulizeni tena, hata kama mkubwa amesimama nyuma yenu anafoka.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, mama yule alikuja na kijana wake, mrefu kunizidi. Akaomba kusema neno.

"Njia nzima niliambiwa atapona," alisema. "Shemeji aliniambia, mganga wa kienyeji aliniambia, majirani waliniambia. Huyu dada peke yake aliniambia daktari hajui. Ndiyo maana nilimpa mwanangu."