Pasi ya Jirani na Mwanga wa Dada

Mabati ya nyumba yetu Buteba yalikuwa yanalia kila jioni jua likishuka: ta, ta-ta, ta, kama mtu anayemenya karanga bila haraka. Dada yangu alipokuwa mdogo aliuliza sana kwa nini chuma kinasema kikipoa. Hakuna aliyemjibu. Akasoma mpaka ng'ambo, na bado anauliza.

Mara ya mwisho alikuja likizo akiwa amepata nafasi ya kuendelea na masomo. Alitaka kitu kimoja tu, mama amwombee kabla ya safari. Mama akakataa.

"Siwezi kuombea kitu sijui. Kanisani naulizwa mtoto anasomea nini, nasema chuma na umeme. Ona sasa, jirani ameleta pasi umtengenezee."

Kweli pasi ilikuwa mezani, waya umeungua. Nilicheka mpaka dada akanifinya.

"Mama, kuna madini fulani yenye chuma ndani," dada akaanza. "Ukiyapoza sana, baridi ya kushinda barafu mbali kabisa, umeme unapita bila kupotea hata kidogo. Kwa nini, bado tunatafuta. Kuingia ndani hatuwezi. Basi tunayapiga mwanga, halafu tunaangalia ule unaorudi."

"Unarudi aje?"

"Mwingi unarudi vile ulikwenda. Kidogo sana unarudi rangi imebadilika, kwa sababu umeacha nguvu mle ndani, au umebeba."

Mama aliacha kuchambua vitunguu vyake, vile anavyouza mpakani Busia, upande wetu wa Uganda.

"Mimi sijavuka upande wa Kenya tangu goti lianze kuuma," akasema. "Lakini naona wanaorudi. Wengi mikono mitupu, vile walikwenda. Huyu ameacha kuku, yule amebeba unga. Soko la kule najua liko namna gani, na mimi nimekaa tu."

"Ndiyo kazi yangu, mama."

"Sasa si ungesema uko mpakani? Na jirani tumwambie nini?"

"Anunue waya."

Mama akamshika kichwa kwa mikono yenye harufu ya vitunguu, akaomba kwa muda mrefu. Akaitaja hata ile baridi, isimwingie mtoto kifuani.

Dada alipoondoka, nilitumwa kurudisha pasi. Nyuma ya nyumba ya jirani hapakuwa na mtu. Niliiweka juu ya jiwe, nikawasha tochi ya simu, nikaimulika. Mwanga ukanirudia machoni. Nikainama, nikautazama vizuri, nione kama kuna kitu umebeba.