Foleni Aliyopanga Tegan Drewery

Wapo watu wanaochagua masomo kwa kipaji, wapo wanaochagua kwa tamaa, na wapo wanaochaguliwa na baba zao kwa kutishiwa mkanda. Tegan Drewery, binti wa Grimsby, pwani ya Uingereza, wa miaka kumi na sita na miezi miwili, alichagua yake kwa kupanga foleni. Na hakuuliza foleni inakwenda wapi.

Hapa asicheke mtu. Mji wetu una ubingwa wa mambo mawili, samaki na foleni, na anayebisha aje atupime. Samaki wa hadoki tunamtoa mifupa kabla mgeni hajamaliza kupenga kamasi. Foleni tunaipanga hata tukiwa wawili na mbwa. Lakini ina adabu zake. Ukifika unamwuliza wa mwisho, "Hapa ndio mwisho?" Akishasema ndiyo, umekula haki yako yote ya kusema. Ukiendelea, "Mwisho wa nini?", utatazamwa kama mtu aliyeshuka kutoka mwezini, na hiyo aibu watu wetu hawaiwezi. Afadhali wapotee.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi ya Agosti, siku ya matokeo. Asubuhi Tegan alipewa bahasha yake shuleni akaipeleka kwenye gari bila kuifungua. Mama yake, Lorraine, aliyekuwa amevaa sare ya kazi ya kutunza wazee, aliichana kwa meno. Sayansi, inayohesabiwa mara mbili, sita kwa sita katika tisa. Hisabati sita. Kiingereza tano. Lorraine akapiga honi mpaka mwalimu wa michezo akageuka.

"Daktari wangu! Si nilisema? Si nilisema mimi?"

"Ulisema," Tegan akajibu.

Wakaenda moja kwa moja mpaka lango la chuo, mahali ambapo wanaomaliza shule huandikishwa siku hiyo hiyo. Lorraine alikuwa amechelewa zamu. Akateremsha kioo.

"Meza ya Advansi, ya wanaoelekea chuo kikuu. Biolojia, Kemia, Hisabati. Haya, rudia."

"Biolojia, Kemia, Hisabati."

"Usitabasamu sana, watadhani tunajisikia."

Tegan hakuwa anatabasamu. Alikuwa hajatabasamu tangu Machi, lakini mama mtu akifurahi huona meno hata yasipokuwepo.

Machi ndipo alipokufa baba yake, Glenn, dereva wa foklifti kwenye ghala la barafu la samaki. Mwanamume mpana, mwenye utani, asiyewahi kuugua hata mafua. Alianguka jikoni birika likiwa linachemka, akalala hospitali siku mbili, basi. Tegan hakulia. Kwenye mazishi alizungusha sinia la mikate ya nyama ya nguruwe, akiuliza kila mtu kama anataka ya haradali. Watu wakasema, mtoto jasiri huyu. Jumatatu akarudi shule. Mei akafanya mitihani, akisoma maswali kama mtu anavyosoma maandishi ya nyuma ya pakiti ya unga, na mkono ukaandika majibu wenyewe. Mwili ulikuwepo, mwenyewe hakuwepo. Na kila aliyezungumza naye aliinamisha kichwa upande kwanza, kama kuku anayesikiliza mdudu ardhini, ndipo aseme, "U hali gani, kipenzi?"

"Sawa tu."

Hilo likawa jibu la yote. Chai? Sawa tu. Tuuze gari la baba? Sawa tu. Utasomea udaktari? Sawa tu. Na Lorraine, maskini, kila aliposikia "sawa tu" aliandika moyoni "ndiyo".

Ukumbi wa michezo wa chuo ulijaa watoto na makelele. Meza zilikuwa nane, foleni zilikuwa mbili ndefu na vijimkia kadhaa, zimejisokota kuzunguka magoli. Mabango yalibandikwa kwa mbele ya meza, chini, mtu mwenye akili sana alikofikiri yataonekana vizuri. Miguu ya watu ikayaziba yote. Tegan akaiendea foleni ndefu kuliko zote, kwa hesabu kwamba wenye kutaka udaktari lazima wawe wengi, akauliza kama hapo ndio mwisho, akaambiwa ndiyo.

Akasimama hapo muda wa saa moja na robo. Nyuma yake alikuja kusimama Paige Riggall, aliyesoma naye, mdomo usio na breki.

"Umepata ngapi? Usiniambie, nitalia. Mimi Hisabati nimepata mbili. Mbili, Tegan! Hata mbwa wetu angepata mbili kwa kukaa tu. Lakini nywele hazihitaji Hisabati, si kweli? Nywele unakata, zikiwa fupi unasema ndiyo mtindo."

"Ndiyo."

"Wewe, huo udaktari utauweza kweli? Mtu akikuambia naumwa utamjibu 'sawa tu'?"

Ulikuwa utani wa kuchekesha na Tegan alijua kwamba unachekesha, akatoa pumzi kidogo puani ili Paige asijisikie vibaya.

Wakafika mezani. Nyuma ya meza alikaa mama wa makamo, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba, biskuti mkononi. Kibao cha kifuani kilisema Mwalimu Cawkwell.

"Jina, mwanangu?"

"Tegan Drewery."

Akaliandika. Kwa wino. Hakuinamisha kichwa upande. Hakumjua Glenn Drewery, hakujua habari yoyote ya Machi. Akatazama mikono ya Tegan.

"Nyoosha vidole. Hivyo. Havitetemeki. Sasa niambie, damu, mkojo, samaki aliyeoza wiki mbili. Utanikimbilia mlangoni?"

"Hapana."

"Wote husema hapana. Haya, la mwisho. Umepima kitu wiki nzima, na siku ya mwisho kipimo kinakupa namba mbaya, inaharibu kazi yote. Unaandika ipi?"

Tegan akafikiri. "Hiyo hiyo."

"Hata kama huipendi?"

"Si ndiyo iliyoonekana?"

Mwalimu Cawkwell akamaliza biskuti yake bila haraka, kisha akasukuma fomu. "Saini hapa chini."

Wakati huo Paige alikuwa amechungulia mbele ya meza. Akapiga ukelele. "Tegan! Soma! Sayansi Tumizi, kozi ya ufundi, miaka miwili! Hii siyo yako! Wala siyo yangu! Saa nzima nimesimama nikidhani nakwenda kusomea nywele!" Akacheka mpaka akashika magoti. "Mwambie umekosea."

"Ameshaandika," Tegan akanong'ona.

"Kwani karatasi zimekwisha duniani?"

"Ameshaandika jina, Paige."

Paige hana haya, ndiyo bahati yake. Akatoka kwenye foleni akipunga mkono kama malkia. Tegan akashika kalamu. Ukiniambia mtu mwingine popote duniani angetia saini miaka miwili ya maisha yake ili tu asimsumbue mama mwenye biskuti, nitakubishia. Ila hapa kwetu wapo tele. Tuna watu wamekula supu isiyo yao mpaka sahani ikaisha, kwa kuona taabu kumwita mhudumu.

Akatia saini.

Jioni Lorraine alirudi na samaki na chipsi za kusherehekea, na bibi mzaa baba, Bibi Sheila, naye alikuwa ameshajiweka mezani na siki yake aliyotoka nayo nyumbani, maana ya dukani haiamini. Tegan akaweka karatasi ya chuo karibu na sahani ya mama yake.

"Sayansi… tumizi," Lorraine akasoma. "Hii ni nini?"

"Kozi. Ya maabara. Vipimo."

"Na Advansi iko ukurasa gani?"

"Nilipanga foleni nyingine."

"Si ungetoka!"

"Mwalimu alikuwa ameshaandika jina langu."

 Bibi Sheila akaanza kutikisika mabega, chipsi ikamtoka mdomoni. "Babu yako alinioa hivyo hivyo! Alikuja nyumbani kumtazama dada yangu Doreen. Mama'angu akamwekea kikombe cha chai karibu na mimi. Akaona aibu kuhama kiti. Miaka arobaini na moja!"

"Mama, usimchekee!" Lorraine akasema, na sauti yake ikapasuka katikati. "Wanaokwenda huko ni waliopata tatu na nne, Tegan. Wewe una sita kwa sita. Sikufua mashuka ya wazee miaka kumi ili binti yangu akanuse samaki kwenye kichupa. Kesho saa sita mchana Advansi wanafunga kuandikisha. Nimeomba ruhusa kazini. Tunakwenda pamoja, unabadilisha. Sawa?"

"Sawa tu."

Akapanda chumbani kwake. Nje jua la Agosti lilikuwa bado linawaka juu ya mapaa na watoto wa jirani wakipiga mpira ukutani. Akakaa kitandani na viatu vyake.

Alijua anapaswa kufikiria daktari, kwa hiyo akajaribu. Daktari wa baba yake alikuwa mtu mwema. Alikuja, akakaa, akainamisha kichwa, akasema kwa upole na kwa kirefu, na Lorraine akamshika mkono asiuachie. Tegan alikuwa amesimama karibu na dirisha akiangalia midomo inavyokwenda. Kitu alichokuwa anakiona akilini ni vile vichupa. Asubuhi ya siku ile muuguzi alivuta damu ya baba, akajaza vichupa vitatu vidogo, kila kimoja kimebandikwa DREWERY G., akavitia mfukoni na kuvipeleka kusikojulikana. Saa mbili baadaye namba zilirudi. Maana yake palikuwa na mtu chini huko, peke yake na mashine, aliyeiona namba kabla ya mama, kabla ya daktari. Akaona kwamba ni mbaya. Akaiandika vilevile ilivyo. Akachukua kichupa kinachofuata.

Mtu huyo hakuhitaji kumshika mtu mkono. Hakuhitaji kupata maneno. Ila ilikuwa lazima asikosee.

Moyo wa Tegan haukuruka wala nini. Aliona tu kwamba kazi ile mtu anaweza kuifanya akiwa hivi alivyo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Machi kuona jambo la siku za mbele ambalo ndani yake naye ana mahali. Akavua viatu.

Ijumaa asubuhi ukumbi ulikuwa mtupu. Kwenye meza ya Advansi hapakuwa na foleni kabisa, alikaa mwanamume mmoja mwenye tai akikunja ncha za karatasi.

"Anabadilisha," Lorraine akamwambia kabla hajafika. "Biolojia, Kemia, Hisabati. Kulitokea kosa jana."

"Nafasi ipo." Akafungua kalamu, akamtazama Tegan. "Inatosha wewe mwenyewe useme."

"Anabadilisha," Lorraine akarudia.

"Namwuliza yeye, mama."

Tegan akainua macho. Saa ya ukutani ilikuwa ndani ya kizimba cha waya, isivunjwe na mipira. Na hapo Mwalimu Cawkwell akapita, kikombe cha chai mkononi, na Lorraine akakiona kibao chake kifuani, jina lile lile la kwenye karatasi ya chuo.

"Kumbe ndiye wewe! Niambie ukweli. Akikaa kwako miaka miwili, halafu akataka udaktari, ataingia?"

Mwalimu Cawkwell akasimama. "Uuguzi, ndiyo. Maabara ya hospitali, ndiyo, nimepeleka wengi. Viwanda vya samaki vinawachukua hata kabla hawajamaliza. Udaktari," akapuliza chai yake, "kutokea kwangu ni mlango mgumu sana. Sitakudanganya."

"Umesikia?" Lorraine akamgeukia bintiye. "Mgumu sana."

"Nimesikia."

"Basi?"

"Nataka hii."

Lorraine akavua miwani yake, akamtazama. Miezi mitano hajamsikia mtoto huyu akitaka hata chumvi.

"Unaitaka? Au unamwonea aibu huyu mama?"

"Mimi mkifuta jina sitalia," Mwalimu Cawkwell akasema. "Nina majina mengi."

"Simwonei aibu."

"Sasa kwa nini, Tegan? Nipe sababu moja tu, mama'angu, moja."

Angemwambiaje habari ya vichupa mbele ya mwanamume mwenye tai? Maneno yalikuwa mbali, na kwenda kuyachukua kulihitaji nguvu asizokuwa nazo.

"Naiweza," akasema. "Ile nyingine siiwezi. Sasa hivi siiwezi."

Mwanamume mwenye tai akafunika kalamu yake taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa. Saa sita ilikuwa bado dakika arobaini, na Lorraine akabaki pale amesimama akiitazama ile kalamu, mpaka Tegan akamgusa kiwiko.

Ndani ya gari Lorraine alitia ufunguo lakini hakuuzungusha.

"Baba yako angesema nini?"

Tegan akafikiri kwa dhati. "Angeuliza kama chuo kina kantini."

Kicheko kikamtoka Lorraine ghafla, kikageuka njiani kikawa kilio, kile cha mabega. Tegan alijua hapa ndipo mtu hulia pamoja na mama yake. Akangoja kidogo aone kama litakuja lolote. Halikuja. Akafungua kisanduku cha mbele, akapata karatasi za kufutia mikono, akampa mama yake zote.

"Sasa mimi watu nitawaambia nini?" Lorraine akasema baada ya kupenga. "Nimeshamwambia kila mtu kazini. Nimemwambia mpaka mtu wa posta."

"Waambie nimeingia chuo."

"Wataniuliza kusomea nini."

"Sayansi."

Lorraine akalijaribu kinywani akijitazama kwenye kioo. "Sayansi. Tegan wetu anasomea sayansi."

"Tumizi."

"Hiyo ya pili mimi siisemi."

"Usiiseme."

Lorraine akafuta miwani yake kwa pindo la blauzi, akawasha gari, akatazama kushoto na kulia mara mbili mbili ingawa njia ilikuwa tupu, wakaondoka.