Nyuzi za Muindi

Clare Anyango, mshonaji wa sare za shule pale Shauri Moyo, alikuwa amepiga gitaa la besi katika bendi ya roki iitwayo Kutu kwa miaka kumi na minne. Maneno ya nyimbo nyingi aliyatunga yeye, mguu ukiwa kwenye cherehani; Muindi, mwanzilishi wa bendi, ndiye aliyeyaimba. Muindi alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mwezi wa Machi kifua kilimshinda, wakamzika kwao Mwala, wakarudi na nusu ya albamu.

Nusu iliyobaki ilimwangukia Anyango aiimbe. Siku tatu mfululizo, katika chumba cha kurekodia kule Dandora kilichobandikwa trei za mayai ukutani, sauti yake ilizama kama jiwe kwenye tope. Nyuzi za magitaa zilikuwa zimelegezwa mno, jinsi Muindi alivyozizoea, hata nyimbo zikashuka chini kuliko sauti ya Anyango, na hakuna aliyethubutu kuzigusa. Nzivo, mpiga gitaa, alisema kuzikaza ni kama kumfukua marehemu. Siku ya nne Patrobas, mpiga ngoma, akaja na shauri lake: nyimbo hizo zitoke bila maneno, naye Anyango aandikwe kwenye jalada la albamu miongoni mwa waitikiaji tu.

"Si ubaya, siste," akasema. "Jamaa alikuwa anaimba hapo chini bila kutoa jasho. Wewe kushona tunakuaminia."

Nzivo akacheka puani.

Anyango hakucheka. Alimkumbuka Muindi wa mwanzo, aliyeimba juu hadi majirani wa mtaa wa Huruma wakagonga kuta. Kisha moshi wa kuchomelea, kikohozi, na kila mwaka nyuzi kushushwa kidogo.

"Alizilegeza kwa sababu pumzi ilikuwa imekwisha," akasema. "Nyinyi mlikuwapo. Mlimsikia akikohoa kati ya ubeti na ubeti, mkaiita staili. Sasa ugonjwa wake mmeufanya sheria, na mnataka mimi niunyamazie?"

Anyango akashika gitaa lake la besi. Akaanza kukaza nyuzi zake moja baada ya nyingine kwa hasira. Alipomaliza, alimnyooshea Nzivo mkono ampe gitaa lake. Nzivo akasita, akainama, akazikaza mwenyewe.

Wimbo ulipoanza, sauti ya Anyango ilipanda, ikapasuka kidogo mahali pa juu, haikurudi chini. Ulipokwisha, Patrobas hakumsifu. Aliuliza polepole, macho kwenye vijiti vyake, kama warudie.

"Turudie," Anyango akasema, hasira haijamtoka. "Na jina langu liandikwe kwenye jalada, chini tu ya la Muindi."