Kiti Ng'ambo ya Yadi

Wifi yangu ni karani wa stoo ya dawa hospitalini, na ukitaka kumjua, mwangalie akinunua mkate. Ataugeuza chini juu, atasoma tarehe, atasoma tena, ndipo akumbuke kumsalimu mwenye duka. Miaka kumi na saba anapokea maboksi na kuyapanga, yanayokaribia kuharibika mbele, mapya nyuma, na haijatoka dawa mbovu mkononi mwake. Hasengenyi, hapigi kelele. Ukimchokoza anakujibu kwa sentensi moja, kisha anaenda kuosha vyombo. Mdogo wangu aliyemwoa alidhani amepata mke mpole. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, lakini mdogo wangu methali huzisikia kwa sikio moja.

Mshindo wenyewe ulimwangukia kaka yetu mkubwa, na mimi dada yao nasema wazi kwamba nilifurahi. Kaka anauza magari yaliyotumika kwenye yadi ya changarawe kando ya barabara kuu. Mtaa mzima unamwita Mashine Safi, kwa sababu hakuna gari analolipiga kofi kwenye boneti bila kutamka maneno hayo. Hata lililofika likivutwa kwa kamba, likishaoshwa na matairi yakapakwa weusi, ni mashine safi.

Ndiye aliyemuuzia wifi gari la familia, dogo, jeupe, la milango mitano. Na mwanamke huyu asomaye tarehe za mkate akawasha injini, akaona dashibodi imetulia, haina taa nyekundu wala ya njano ya kumtia wasiwasi, akaridhika. Gari lenyewe halikuwa na mshale wa kupima joto, lilikuwa na taa tu. Kaka akamwambia, "Maji ya rejeta, shemeji, tazama kwenye kichupa. Kofia usiifungue, itakuchoma."

Basi wifi akaanza daftari lake. Kila alipojaza tangi aliandika kilomita na lita. Mwezi wa kwanza lita moja ilimpeleka kilomita kumi na mbili, mwezi wa nne tisa, mwezi wa sita saba na nusu. Akabadilisha plagi, akasafisha chujio la hewa, akapima upepo wa matairi kila Jumapili. Wapi! Siku moja tukiwa mezani familia nzima, akamwekea kaka lile daftari mbele ya sahani.

Kaka alilifunua, akalifunga. "Shemeji, gari halina kosa. Wewe una mguu mzito."

Tukaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote, na hilo sijajisamehe. Kuanzia siku ile jina lake likawa Mguu Mzito, hata mumewe akamwita hivyo, naye akawa anaitika.

Sasa, wifi alikuwa akiishi na mama yake mzazi, mama mmoja mkavu wa maneno, fundi cherehani mstaafu. Mama huyo alipata presha ya jicho la kushoto. Daktari wa upasuaji wa macho alikuwa akija hospitali kuu mara mbili tu kwa mwaka, na mama alipangiwa siku ya mwisho ya zamu yake, saa nne asubuhi. Walitoka alfajiri, saa tatu za safari. Wifi alitazama kichupa, kimejaa. Akatazama dashibodi, shwari.

Katikati ya njia, mahali pasipo na nyumba wala mtandao, gari lilitoa moshi mweupe, likagonga mara mbili, likafa. Walisimama kando ya barabara mpaka lori la saruji lilipowahurumia. Walifika saa kumi alasiri. Daktari alikuwa amemaliza orodha yake na kuondoka. Aliporudi baada ya miezi saba alilimulika lile jicho kwa dakika moja tu, akasema hakuna tena cha kupasua. Mama akavaa miwani myeusi, akarudi nyumbani.

Gari lilivutwa hadi kwa fundi mmoja mzee, mtu asiyependa kuongea bila bisibisi mkononi. Alifungua rejeta, kavu kabisa. Kichupa kilijaa kwa sababu mpira wake ulikuwa umeziba, maji hayaendi wala hayarudi. Kisha akaing'oa dashibodi, akamwita wifi aje aone. Nilikuwepo.

"Unaona vitundu hivi viwili, dada? Hapa hukaa balbu ya joto, hapa balbu ya injini."

"Zimeungua?"

"Zingeungua ningezikuta. Hizi zimetolewa. Gari likipata homa linakwambia, mafuta yakinyweka ovyo linakwambia. Hili wamelikata ulimi." Akaonyesha kwa bisibisi. "Ukiwasha swichi, kabla ya kupiga stata, taa zote lazima ziwake kwanza. Isiyowaka ndiyo ya kuulizia."

Vitundu vilikuwa vimezibwa kwa vipande vya stika ya njano, stika za yadi ya kaka, na kwenye kimoja herufi tatu za jina la yadi zilisomeka vizuri. Kikulacho ki nguoni mwako. Wifi alivibandua polepole kwa kucha, akavibandika ndani ya daftari lake, akaandika tarehe. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira na kwa aibu ya kile kicheko changu.

Jumamosi ya kwanza baada ya mama kuvaa ile miwani, saa mbili asubuhi, alipanda basi na mama yake na viti viwili vya plastiki. Akavipanga ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na geti la yadi, mahali ambapo kaka hana mamlaka ya kumfukuza hata kuku. Mama alikaa na miwani yake, mikono mapajani. Kila mnunuzi aliyekaribia geti, wifi alimsogelea kwa adabu kama yuko dirishani pa dawa.

"Karibu, ndugu. Ukiingia, washa swichi tu, usipige stata. Hesabu taa. Zikipungua, njoo uniulize kwa nini mama yangu amevaa miwani."

Watu waliingia, wakahesabu. Wengine walirudi kuuliza, naye akawafungulia daftari. Jumamosi ya tatu yadi iliota majani. Kaka akaniita nikawe mjumbe.

"Mwambie wifi yako mambo ya ndani hayatolewi nje! Damu si nzito kuliko maji?"

"Ya kwenye rejeta?" nikamuuliza.

Hata hivyo nilikwenda, kwa sababu nilimwonea huruma yule mama anayekaa juani. Nikamwambia wifi, "Kisasi ni chako, sawa, lakini unamchosha mzazi wako." Akainuka, akaenda kuosha vyombo.

Likaitishwa baraza la familia. Kaka akatoa gari lingine, jipya kuliko lile, funguo mezani. Wifi akazisukuma zikarudi zilikotoka.

"Sasa unataka nini, shemeji?"

"Useme mbele ya wateja wako, kwa mdomo wako, kwamba ulizitoa kwa mkono wako."

Akasema ni vijana wake waosha magari. Akasema gari lilikuja hivyo. Alitaja mpaka watu waliokwisha kufa. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwake iliishia kwenye stika, maana stika anabandika yeye peke yake, hamwamini mtu nazo.

Ilichukua Jumamosi mbili zaidi. Ya pili, saa sita mchana, kaka alivuka barabara kwa miguu. Kulikuwa na wanunuzi wanne getini, na watu kituo cha basi. Alisimama mbele ya mama, jasho linamtoka, akasema kwa sauti ya kusikika: "Mama, zile taa nilizitoa mimi. Zilikuwa zinawaka muda wote, nikaona gari halitauzika. Na nilipoletewa daftari nilijua, nikamsingizia shemeji mguu. Nakuomba msamaha."

Nimeona watu wakishindwa, lakini sijaona aliyepungua kimo vile. Nilitamani wangekuwa wanunuzi mia.

Wifi alivuta pumzi, mabega yakamshuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu tangu ile safari. Akafunga daftari, akakunja kiti chake, akamshika mama mkono.

"Twende, mama. Yamekwisha."

Mama hakuinuka. "Yamekwisha kwako," alisema. "Wewe ulitukanwa mguu, umesafishwa. Jicho lilikuwa la nani?"

"La kwako, mama."

"Na ni nani aliyekuomba tuje hapa, Jumamosi ya kwanza?"

Wifi aliinamisha kichwa. Kaka alinitazama mimi, kama vile mimi ningeweza kumsaidia.

"Ni wewe, mama," akasema wifi.

"Basi kunjua kiti chako, ukae. Kuna mtu anaingia getini."