Anayesema Kaza Asimame Chini

Kila Jumapili, vyombo vikishaoshwa, mama aliuweka mkanda mapajani na kuukagua mshono kwa mshono. Palipomtia shaka alipavuta kwa meno. Ulikuwa mkanda wa kupandia nguzo, mali ya binti yake, fundi wa kebo za intaneti, ambaye wenzake walimwita Kindi kwa jinsi alivyoparamia juu. Mama alikuwa mshonaji. Intaneti yenyewe haikumkosesha usingizi. Uzi uliomshika mwanawe hewani ndio uliomkosesha.

Jumapili hiyo kaka yake Kindi alikuja kula. Alifanya kazi kampuni ileile, ila yeye alikaa ofisini, akichagua kebo ipi iende wapi. Nyumbani walimwita Meneja kwa utani, na yeye wala hakuuona utani.

"Kesho mrudi bondeni," alimwambia mdogo wake kabla hata ya kunawa. "Ile kebo imelegea tena. Mkaikaze."

Kindi akaweka kijiko chini. "Kaka, tumeshaikaza mara tatu. Ile ni kebo ya mjini, ya nguzo zilizokaribiana. Kule inatoka kilima hadi kilima, na katikati ni mto, hakuna pa kuchimbia nguzo. Tukiivuta inarefuka, nyuzi za kioo za ndani zinakatika, na kijiji cha ng'ambo kinakosa mtandao palepale. Sasa hata nguzo imeinama kama mtu anayetafuta sindano."

"Ilikuwa imebaki stoo. Ulitaka niitupe?"

"Nilitaka uagize ile inayojibeba yenyewe, yenye nyuzi ngumu za kuhimili uzito. Nilikuambia mapema."

"Wewe kazi yako kupanda. Kuchagua niachie mimi."

Mama aliyasikia yote, lakini neno moja tu lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Nguzo imeinama?"

"Kidogo tu, mama," Meneja akadakia.

"Sikukuuliza wewe."

Kindi akatikisa kichwa kukubali. Mama akaacha kula. Tangu binti yake aanze kazi hiyo, jambo moja lilimpa ahueni. Mafundi wa nguzo walikuwa na desturi yao, haikuandikwa popote: anayesema "kaza" husimama chini ya nguzo, upande ule kebo inakovutia, pale ambapo nguzo ingeangukia. Neno likimtoka, liwe limepita kwenye roho yake kwanza.

"Hizo mara tatu," mama akauliza, "nani alisema kaza?"

Kindi akatazama sahani. "Kaka. Kwa simu. Msimamizi wetu anaweka spika, tunaisikia sauti."

"Na miguu yake ilikuwa wapi?"

"Chini ya meza, mama," Kindi akasema, akijizuia kucheka.

Mama hakucheka. Damu ilimpanda hadi masikioni. "Kumbe nimezaa mmoja wa kupanda na mwingine wa kupiga simu! Mkuki kwa nguruwe, siyo?"

"Mama, hizo ni mila za mafundi. Sisi ofisini tuna utaratibu wetu."

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kesho utakilalia."

"Kesho nina kikao."

"Waambie mama yako amekihamishia bondeni."

Asubuhi mama alipanda gari la Meneja, akakaa kiti cha mbele, mkanda mapajani. Alipoona mwanawe anapunguza mwendo penye njia ya kurudi mjini, alikohoa tu. Gari likaendelea.

Bondeni, kebo ilikuwa imening'inia chini mno hata wakulima wameifunga kitambaa chekundu, mikokoteni isije ikaikwaa. Nguzo ililalia upande wa mto, na udongo kwenye shina lake ulikuwa umepasuka.

Msimamizi alimpa Meneja kofia ngumu, akamwonyesha mahali. "Karibu, bosi. Nafasi yako hii hapa."

Kindi alinyoosha mkono apewe mkanda. Mama akaukumbatia. "Aseme kwanza. Akishasema, nitakufunga mwenyewe."

Meneja akasimama pale, viatu vyake vya ofisini vikizama. Upepo ukapita, kebo ikayumba, nguzo ikalia. Bonge la udongo likabingirika hadi kwenye kiatu chake. Akaruka pembeni.

"Rudi," mama akasema.

"Mama, inaweza kuanguka!"

 Msimamizi alijifanya anakagua kamba. Meneja alibaki ameduwaa, kama mtu aliyesikia sauti ya mgeni ikitoka kinywani mwake.

"Enhe," mama akasema. "Endelea."

"Asipande mtu," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Ishusheni kwa kutokea ng'ambo. Nitaagiza inayofaa."

"Na wale wa kijiji je? Watasubiri tena kwa sababu ya mabaki yako ya stoo?" Mama akamsogelea. "Mara tatu, baba! Mara tatu dada yako alikuwa juu ya nguzo hii, na wewe hata kusimama chini yake hukuweza!"

Walipomaliza kuishusha kebo, Meneja alimfungulia mlango wa gari. Mama alimpita, akaenda kwenye lori la mafundi, akamnyooshea Kindi mkono amvute juu.

"Mama, huku kuna vumbi," Meneja akamwita. "Hupandi na mimi?"

"Hilo ni gari la kikao," mama akajibu, akautandaza mkanda mapajani na kuanza kutafuta mshono.