Aliyeulizia Msimu wa Stroberi

Najua nikisema naishi Sumbawanga utaniuliza kama huwa nasafiri kwa ungo. Cheka, ukimaliza unisikilize, maana haya yalitokea jikoni kwangu, mtaa wa Kasense, mchana, nikiwa mzima na sijaonja pombe hata tone.

Mimi ni fundi simu, nakaa na mama yangu. Wakati huo alikuwa mgonjwa, chakula hataki, hata uji wa ulezi anaugusa tu na kuuacha. Kitu kimoja tu alikitamani: stroberi, kama alizowahi kuonja ujanani kwenye bustani ya masista. Nikaamua kumpandia. Nje kuku wa majirani wasingeniachia kitu, kwa hiyo nikaunda bustani juu ya meza ya jikoni: beseni la maji yenye mbolea, kifuniko chenye matundu ya kushikilia miche, taa juu yake, na pampu ndogo ya kupuliza hewa majini. Udongo hakuna. Majirani wakasema nafuga mboga kama samaki.

Miche iliyotoka Mbeya ikashika vizuri, ikatoa maua meupe. Kisha maua yakaanza kukauka na kudondoka bila tunda hata moja. Nikabadilisha maji, nikashusha taa, wapi! Mama anazidi kwisha chumbani, mimi nahangaika na maua. Iliniuma sana.

Alasiri moja, mvua kubwa inanyesha, nikasikia hodi. Nilipofungua nikakuta bibi mwembamba aliyejifunga kitenge. Nikamwamkia shikamoo. Akachutama, akapiga makofi taratibu kama wazee wetu wanavyosalimia. Viganja viligongana, nikaviona, lakini sikusikia kitu. Nikajiambia ni kelele za mvua kwenye bati. Ila kitenge chake kilikuwa kikavu kabisa. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungemfukuza mzee kwenye mvua? Nikamkaribisha.

Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja mezani, akainamia maua, akaniuliza kama humu ndani nimewahi kuona nyuki, na kama hakuna nyuki nilimtegemea nani ayazalishe. Niamini, nilijiona mjinga. Akachomoa unyoya wa kuku kwenye pindo la kitenge, akawa anapapasa ua moja baada ya jingine, huku anavuma kooni taratibu kama nyuki. Hofu nilikuwa nayo, sikatai, lakini hamu ya kujua ilinizidi, nikasogea karibu nione anavyofanya. Alipomaliza akanigeukia.

"Msimu wake unaisha lini, mjukuu wangu?"

Nilikuwa nafungua mdomo nimweleze mtambo wangu kwa majivuno yote, mara mama akaniita kutoka chumbani kwa sauti kali ambayo sikuwa nimeisikia tangu augue. Nikakimbia. Akanikamata mkono, akaung'ang'ania. Niliporudi jikoni hapakuwa na mtu, na mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani.

Matunda yakashika. La kwanza lilipoiva mama alilila polepole, akaomba jingine. Baadaye akaomba uji. Nililia jikoni peke yangu kwa furaha. Siku alipoweza kutoka kuota jua, ndipo akanieleza.

"Yule ni bibi yako, mzaa baba, aliyefariki kabla hujazaliwa. Alinifuata tuondoke. Nikamwambia nitakwenda nikishakula stroberi za mwanangu, msimu wake ukiisha. Akakubali."

Kumbe alipoona maua yanadondoka ndipo akaja kuyazalisha, shughuli iishe mapema. Mama akacheka mpaka akakohoa. Akasema mama mkwe wake alilima mahindi na ulezi maisha yake yote, kwake yeye hakuna mmea usio na msimu.

Na bustani yangu haijui masika wala kiangazi. Taa inawaka, maji yapo. Mche ukizeeka, nachukua vichipukizi vyake napandikiza. Maua nayapapasa mwenyewe kwa unyoya. Tangu siku ile mimi ni mtumwa wa meza hiyo. Sisafiri hata Mpanda. Umeme ukikatika narukia betri kama mtu anayeunguliwa na nyumba. Mama sasa anakwenda misa kwa miguu yake, na akirudi ananisema kwa nini sioi.

Juzi ukungu ulishuka mchana, hodi ikapigwa. Mama akaweka kidole mdomoni. Sikufungua. Sauti ikapenya mlangoni, ya upole kabisa.

"Bado hazijaisha?"

"Bado, bibi," nikajibu.

Kisha akasema, "Haya. Nitapita tena."

Kwa hiyo nawe unayepanda vitu ndani ya nyumba, mgeni akisifia, mshukuru. Akikuuliza vinaisha lini, usijifanye mtaalamu. Sema bado, kisha nenda kaangalie kama taa inawaka.