Chui wa Naro Moru na Kichungi cha Chai

Nilipoajiriwa kazi ya wanyama pori pale Nyeri, miaka michache baada ya Uhuru, nilikuwa mwembamba hivi kwamba upepo wa mlimani ukivuma ilinibidi nishike mti. Lakini kichwa kilikuwa kimejaa. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni kwa taa ya chemni, na niliamini hakuna mnyama kati ya Othaya na theluji ya mlima ambaye nisingeweza kumweleza mambo yake mwenyewe.

Kazi yangu ilikuwa kuokota kinyesi cha chui. Ukikiosha vizuri yanabaki manyoya, na kwa manyoya unajua chui amekula nini. Mama yangu aliwaambia watu wa kanisa kwamba niko ofisini.

Asubuhi moja mkubwa wangu akapata habari kwamba mkulima mmoja karibu na Naro Moru ameuliwa mbuzi na chui, na anataka kumwekea sumu.

"Si wewe ndiye unajua chui?" akaniambia. "Nenda ukamtetee."

Nilipanda lori la viazi. Mzee mwenyewe, aliyehamia hapo kutoka Othaya alipopata shamba, nilimkuta nyuma ya nyumba yake mpya ya mbao, yenye mabati yaliyong'aa mpaka ndege walikuwa wanapitia mbali. Miguuni pake kulikuwa na mzoga wa mbuzi na mkebe wa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Jioni angeupaka mzoga ile dawa. Chui akirudi kumalizia nyama, kwisha yeye, kwisha fisi, kwisha na mbwa wa majirani.

"Ati serikali imekutuma ulinde chui," akasema. "Na mbuzi yangu, hiyo ilitumiwa nani?"

"Nipe mpaka jioni, mzee."

"Mpaka jioni hata mimi nangoja. Hii dawa ukipaka na jua inakauka."

Nikazunguka ukingo wa msitu nyuma ya shamba lake, nikarudi na mfuko umejaa mali yangu, kinyesi kikavu. Nikaomba kitu cha kuchujia. Mkewe alinipa kichungi cha chai kabla hajauliza cha nini. Alipoona ninachomwagia humo, akakaa chini.

"Hiyo ndiyo nachujia pasta chai."

"Nitaiosha, mama."

"Hapana. Utaenda nayo."

Kichungini yakabaki manyoya meusi, magumu kama ya brashi ya viatu, ncha zimegawanyika. Mzee akainama.

"Hii ni nguruwe mwitu," nikamwambia.

"Ile inachimba viazi yangu?"

"Hiyo hiyo."

Nikaosha kinyesi kingine: nguruwe. Kingine: nguruwe tena. Mzee alishaanza kutabasamu. Kile cha mwisho kikatoa manyoya meupe, laini. Mbuzi. Nikamwonyesha.

"Sasa hapo," akasema, akachukua mkebe wake.

Nikatazama zizi. Ua wake ulinifika kifuani, na juu palikuwa wazi, usiku nyota zote zinaingia.

"Mzee, huko Othaya, kabla mpate shamba hii, mbuzi zilikuwa zinalala wapi?"

"Kwa nyumba ya mama yangu. Ndani."

"Na hapa?"

Akamtazama mkewe.

"Mimi siwezi kulala na mbuzi kwa nyumba ya mabati," mkewe akasema. "Pasta ataniona aje?"

Basi ndiyo hiyo. Walikuwa wamehama na mbuzi, wakajijengea paa, na mbuzi hawakukumbukwa.

"Nipe mabanzi ya mbao yaliyobaki mlipojenga nyumba," nikasema. "Tufunike zizi leo. Chui akichukua mbuzi tena, mkebe nitakushikia mimi mwenyewe."

Nilisema kama mtu aliyejenga makanisa. Sikuwa nimewahi kupiga msumari. Kufikia jioni kidole gumba changu kilikuwa kikubwa kama kiazi, lakini zizi lilikuwa na paa, na mzoga tulikuwa tumeuzika.

Nililala kwao. Alfajiri mzee akanivuta nje. Juu ya mabanzi kulikuwa na alama mpya za makucha, ndefu, za kina, na chini yake mbuzi wanacheua bila habari. Alizifuata moja moja kwa kidole, kama mtu anayesoma cheti chake cha shamba.

Jirani akatokea kwenye ua na mkebe wake mwenyewe, amesikia kuna chui.

"Rudisha hiyo, ukaogeshe ng'ombe," mzee akamwambia. "Hiyo chui ni yangu. Inachunga viazi."